Pokeri nchini India: meza ya marafiki, mashindano na makato ya nyumba

Mkazi_wa_BelAir (mwanzisha uzi)

Ndugu zangu wa Lubumbashi, meza za pokeri ninazozisikia zikitajwa mjini mwetu zimekuwa nyingi kuliko zamani. Zipo za mtaa wa Golf, ambako watu wa migodini huketi Ijumaa jioni baada ya mshahara, na zipo za Kamalondo, ambako dau halizidi bei ya soda. Kila zinapotajwa humu jukwaani mabishano hurudi palepale: huyu anasema ni kamari tupu, yule anasema ni mchezo wa akili. Nimefungua uzi huu kwa sababu ipo nchi ambayo imelibishania swali hilo kwa zaidi ya nusu karne, majumbani, mahakamani na bungeni, kisha mwaka 2025 ikaamua kuliweka kando. Nchi hiyo ni India. Nafanya kazi katika duka la vifaa vya ujenzi ambalo mwenye nalo asili yake ni Gujarat, na yeye ndiye aliyenifanya nianze kuzifuatilia habari hizi, ingawa mwenyewe hagusi karata isipokuwa wakati wa Diwali.

Pa kuanzia ni hapo kwenye Diwali. Pokeri ilipoingia India ilikuta watu ambao tayari walikuwa na mchezo wao wa karata tatu, teen patti, unaochezwa nyumbani wakati wa sikukuu hiyo na watu wa kila umri. Kila mchezaji hupewa karata tatu na anaruhusiwa kucheza bila kuzitazama, na anayecheza hivyo hulipa nusu tu ya dau la yule aliyekwisha kuzitazama zake. Nilipokaribishwa kuketi na familia ile, bibi mwenye nyumba alicheza raundi nzima karata zake zikiwa zimelala kifudifudi, kiganja kimewekwa juu yake, na wanaume watatu waliokwisha kutazama zao wakajitoa mmoja baada ya mwingine. Aliposhinda hakuzifunua. Alizirudisha kwenye fungu bila kuziangalia, akazoa kitita, akaagiza chai. Hapakuwa na mtu wa pembeni aliyekata chochote: fedha zilizowekwa mezani ziliondoka na mmoja wa waliokaa mezani.

Kwa watu waliolelewa hivyo, pokeri ya aina ya Texas Hold'em haikuhitaji maelezo marefu. Kila mchezaji hupata karata mbili za siri, halafu karata tano za wote hufunuliwa katikati ya meza, kwanza tatu kwa pamoja, kisha moja, kisha ya mwisho, na kabla na baada ya kila ufunuo watu huweka dau, hulifuata, hulipandisha au hutupa karata zao. Kilichobaki kilikuwa ni mahali pa kuchezea. Huko Goa palikuwa na boti za kasino zilizotia nanga katika Mto Mandovi, mbele ya mji wa Panaji, na vyumba vyake vya pokeri vikawa kituo cha mashindano ya wachezaji kutoka nchi nzima. Halafu mwezi Septemba 2016 kampuni ya Jio ikaanza kuuza intaneti ya simu kwa bei ya kutupa, na meza ikahamia mfukoni. Mwaka 2017 ilianzishwa ligi ya timu, Poker Sports League, na mwaka huohuo Nipun Java na Aditya Sushant walishinda kwa pamoja bangili ya World Series of Poker kule Las Vegas, ambayo ni tuzo inayotamaniwa kuliko nyingine zote katika mchezo huu. Januari 2018 mchezaji wa kike Muskan Sethi alitunukiwa na Rais wa India miongoni mwa wanawake waliotangulia wengine katika fani zao. Chuo cha usimamizi cha IIM Kozhikode kikaweka somo la mikakati ya ushindani linalofundishwa kwa kutumia pokeri. Mwaka 2024 Santosh Suvarna alishinda huko Las Vegas shindano lenye kiingilio cha dola 250,000, akarudi na zaidi ya dola milioni 5.

Anayesoma orodha hiyo ataona mchezo uliotoka sebuleni ukafika ikulu. Lakini tarehe 20 Agosti 2025 bunge la chini la India lilipitisha mswada wa michezo ya mtandaoni, tarehe 21 bunge la juu likaupitisha, tarehe 22 Rais akautia saini, na sheria ya kuipiga marufuku pokeri ya fedha kwenye simu nchi nzima ikawa imepita. Siku tatu.

Hoja yangu ni kwamba swali la ujuzi au bahati halitufikishi popote. Mchezo uleule, kwa karata zilezile, ni kitu kimoja pale fedha zote zinapobaki kwa wachezaji, na ni kitu kingine pale anapokuwepo mtu wa pembeni anayejikatia sehemu ya fedha kila raundi. Meza ya kwanza ni ya kijamii hata kama dau ni kubwa kidogo. Ya pili ni biashara hata kama waliokaa ni ndugu wa tumbo moja. Hayo ndiyo ninayotaka tuyajadili, hasa nyinyi ambao mmeanza kukodisha sebule zenu.

Kijana_wa_Kampemba

Yaya, mkubwa wangu, nakuheshimu, lakini unaupunguza mchezo. Ukisema ujuzi si hoja, utawaelezaje watu ambao maisha yao yamebadilishwa na ujuzi huo? Mwaka 2003 mhasibu mmoja wa Tennessee, Chris Moneymaker, aliingia katika shindano kuu la World Series of Poker kupitia mchujo wa mtandaoni uliomgharimu dola 86, wakati kiingilio cha kawaida ni dola 10,000, akaibuka wa kwanza kati ya washiriki 839 na kuondoka na dola milioni 2.5. Mwaka uliofuata washiriki walikuwa 2,576, na mwaka 2006 walifika 8,773. Watu hao hawakukusanyika Las Vegas kwa ajili ya bahati nasibu. Waliona kwamba mtu wa kawaida mwenye kichwa kizuri anaweza kuketi na mabingwa na kuwashinda.

Wengi wetu hapa tuliijua pokeri kwa kutazama Canal+, ambako mwimbaji Patrick Bruel, ambaye naye ana bangili ya mwaka 1998, alikuwa akieleza kila dau kwa Kifaransa huku karata za siri zikionyeshwa kwenye kioo. Pale ndipo nilipofahamu kwamba mchezaji mzuri hatazami karata zake tu, bali anahesabu ni nani amepandisha, amepandisha kutoka kiti gani, na amebakiwa na jetoni ngapi, vile vidude vya kuwekea dau badala ya fedha. Nchi kama India imetoa mabingwa kwa kuruhusu mashindano makubwa yenye waandaaji wanaolipwa. Bila makato, nani atalipia ukumbi, wagawaji karata na taa? Unataka tubaki kwenye meza ya soda milele?

Mwalimu_wa_Hesabu

Naomba niingie hapa kwa sababu wote wawili mnasema kweli, ila namba hazijawekwa mezani.

Ujuzi upo, na umethibitishwa kwa njia isiyobishaniwa. Mwaka 2017, katika kasino moja ya Pittsburgh, programu ya kompyuta iitwayo Libratus ilicheza na mabingwa wanne wa pokeri ya watu wawili kwa siku 20, ikawashinda wote. Programu haina bahati kuliko binadamu. Lakini tazameni jambo ambalo wasimuliaji huliruka: ili waandaaji waridhike kwamba ushindi ule si wa bahati, zilichezwa raundi 120,000. Sasa chukueni meza yetu ya Ijumaa. Meza yenye mgawaji mzoefu hucheza takribani raundi 25 kwa saa, na tukikaa saa nne tunapata raundi 100. Kufikisha raundi 120,000 kwa mwendo huo kunahitaji wiki 1,200, yaani miaka 23. Kwa hiyo anayesema pokeri ni ujuzi anasema kweli juu ya miaka 23, na anayesema ni bahati anasema kweli juu ya Ijumaa hii.

Mfano mdogo: jozi ya ree, ambayo ni mwanzo bora kuliko yote, hupatikana mara moja katika raundi 221 kwa wastani. Ukiipata na ukabaki na mpinzani mmoja mwenye karata zozote, utashinda takribani mara 85 katika 100. Ukiwaacha wapinzani wanane wote wafuate hadi mwisho, nafasi yako inashuka hadi takribani 35. Ree ni zilezile. Kilichobadilika ni idadi ya watu uliowaruhusu kuendelea kwa dau dogo. Huo ndio ujuzi, nao ni wa kweli. Nimemwona mtu hapa mjini akizitupa karata zake ukutani baada ya kushindwa akiwa na jozi ya ree, akisema amerogwa, wakati alikuwa amewakaribisha watu saba waendelee kwa dau la faranga mia tano.

Sasa makato. Tuseme wachezaji tisa wameketi, kila mmoja na dola 10, jumla dola 90. Mwenye nyumba anakata asilimia 5 ya kila kitita. Kitita cha wastani kikiwa dola 6, makato ni senti 30 kwa raundi, dola 7.50 kwa saa, dola 30 kwa saa nne. Theluthi moja ya fedha zote zilizoingia chumbani imeondoka, na hakuna mtu aliyeiona ikiondoka, maana senti 30 haimuumi mtu. Wachimbaji wanaouza kwenye madepo ya kununulia madini wanalijua jambo hili: kila gunia linapopita juu ya mizani hupungua kidogo, na mwenye mizani hana haja ya kuchimba. Ili mchezaji hodari wa meza ile arudi nyumbani na faida, ni lazima kwanza awazidi wenzake kiasi cha kufidia theluthi hiyo, na wachezaji wa kiwango hicho ni wachache sana.

Mama_Katuba

Nimesoma yote, na hesabu za Mwalimu ni nzuri. Lakini nina neno kwa mwanzisha uzi. Unasifu ile meza ya Diwali kwa sababu fedha ziliondoka na mmoja wa waliokaa mezani. Sisi tuliobaki nyumbani hatukukaa mezani. Fedha ya likelemba, ule mchango wa kupokezana kwa zamu, ambayo kijana mmoja wa ukoo wetu aliipeleka kwenye karata haikukatwa na mwenye nyumba yeyote. Ilikwenda kwa rafiki yake wa tangu utotoni, wakiwa wawili, kwenye kiti cha plastiki nyuma ya duka. Kwa zamu ya mama yake kulipwa, hapakuwa na kitu. Niambie kama meza hiyo nayo ni ya kijamii.

Nalikubali jambo moja: huko India walipoufunga mchezo kwenye simu, naona walikuwa wakiwafikiria watu kama mama huyo kuliko mabingwa wa Las Vegas.

Wakili_Lshi

Mama, heshima kwako. Niongeze upande wa sheria, kwa kuwa historia ya India katika hili inafundisha mambo ambayo kwenye vichwa vya habari hayaonekani.

Sheria ya msingi ilitungwa na Waingereza mwaka 1867. Ilipiga marufuku nyumba za kamari, lakini ikaondoa humo michezo ya ujuzi mtupu, na maneno hayo machache ndiyo yaliyowalisha mawakili wa India kwa miaka mia moja na zaidi. Mwaka 1968 Mahakama Kuu ya nchi ilisikiliza kesi ya klabu moja ambayo wanachama wake walikamatwa wakicheza karata za rami kwa fedha. Majaji walisema rami ni mchezo wa ujuzi kwa sehemu kubwa, kwa sababu mchezaji analazimika kukumbuka karata zilizotupwa na kuamua ipi aishike, tofauti na michezo ya karata tatu ambayo waliiita ya bahati tupu. Yule bibi wa meza ya Diwali angewabishia.

Kila mtu hunukuu sehemu hiyo ya hukumu. Sehemu isiyonukuliwa ndiyo inayomuunga mkono mwanzisha uzi: majaji hao hao waliongeza kwamba, endapo ingethibitika kuwa mwenye nyumba au klabu anajipatia faida kutokana na mchezo unaochezwa kwa dau, hata kama mchezo huo ni rami, kosa lingeweza kuwepo. Kwa maneno mengine, tangu mwaka 1968 mahakama ilikuwa imeshaelekeza kidole kwa mwenye nyumba, lakini mawakili na wafanyabiashara wakachukua nusu ya kwanza ya sentensi na kuijengea biashara nzima.

Baada ya hapo kila jimbo lilikwenda njia yake. West Bengal iliitaja pokeri kwa jina katika sheria yake ya mwaka 1957 kuwa haihesabiwi kama kamari. Nagaland ikaiweka katika orodha ya michezo ya ujuzi inayoweza kupewa leseni mtandaoni. Gujarat, jimbo la yule mwenye duka, ikapata hukumu ya mahakama yake ya juu mwezi Desemba 2017 iliyosema pokeri ni mchezo wa bahati. Tamil Nadu ikaifunga, mahakama ikaifungua mwaka 2021, ikafungwa tena, mahakama ikaifungua tena mwaka 2023. Mchezaji aliyekuwa akisafiri kwa treni huku anacheza kwenye simu angeweza kuwa mwanamichezo asubuhi na mhalifu jioni bila kubadilisha kiti.

Sheria ya mwaka 2025 iliumaliza mzozo huo kwa njia ambayo mawakili wengi hawakuitegemea. Ilisema mchezo wa fedha mtandaoni ni ule ambao mtu analipa kwa matumaini ya kupata fedha, uwe wa ujuzi, wa bahati au wa vyote viwili. Mabishano yote yaliyoanza mwaka 1968 yalikatwa kwa kifungu kimoja. Anayeendesha mchezo huo anaweza kufungwa hadi miaka mitatu na kutozwa faini inayofika rupia milioni 10, ila mchezaji mwenyewe haadhibiwi. Sheria hiyo hiyo inaitambua michezo ya kijamii ya mtandaoni isiyo na dau, na inataka kuiendeleza. Angalieni mahali walipopitisha mstari: hawakutenganisha karata na karata, walitenganisha fedha na mchezo.

Kuhusu kisa cha Mama Katuba, huko Ufaransa kanuni ya sheria za kiraia, kifungu cha 1965, haimpi mtu haki ya kudai mahakamani deni la mchezo, na kifungu cha 1967 hakimruhusu aliyeshindwa kudai kurudishiwa alichokwisha kulipa kwa hiari. Mlango umefungwa pande zote mbili. Yule kijana, hata angekuwa Paris, asingerudishiwa.

Dereva_wa_Kasumbalesa

Swali fupi kwa Wakili: je, zile boti za Goa nazo zimefungwa?

Wakili_Lshi

Hapana. Sheria ya mwaka 2025 inahusu mtandao. Boti zinaendelea chini ya sheria ya jimbo la Goa, na mashindano ya ana kwa ana yanaweza kuendelea huko. Jambo la kuchekesha kidogo ni kwamba tangu Februari 2020 wenyeji wa Goa wenyewe wamezuiwa kucheza katika kasino hizo. Boti zimetia nanga mbele ya nyumba zao, kodi inaingia katika jimbo lao, lakini wanaopanda ni wageni. Serikali ya Goa ilijua vizuri ni nani inataka apoteze na ni nani haitaki.

Kijana_wa_Kampemba

Basi hata serikali ilikuwa mchezaji. Nimesoma kwamba kabla ya kufunga, tangu tarehe 1 Oktoba 2023, walitoza kodi ya asilimia 28 kwa fedha yote anayoweka mchezaji, wakati hapo awali ilikuwa asilimia 18 ya makato ya kampuni peke yake, na juu ya hayo asilimia 30 ya faida ya mshindi. Yaya wa Bel-Air anamlaumu mwenye nyumba anayekata asilimia 5, na huyo wa 28 tumuite nani?

Mkazi_wa_BelAir

Mdogo wangu, tumuite mwenye nyumba wa pili. Hoja yako inaipa nguvu yangu. Wachezaji tisa wakiketi, na nje ya meza wakawepo wawili wanaokula kutoka humo, haijalishi tena ni nani kati ya wale tisa anajua kuhesabu. Ndiyo maana nasema India haikushindwa kwa sababu watu wake walipenda pokeri. Mapenzi yale yalikuwa ya kweli, na mabingwa waliotoka humo ni wa kweli. Ilishindwa kwa sababu mchezo ulikua kupitia milango ya watu ambao kipato chao kilitegemea wingi wa raundi, na mtu ambaye kipato chake kinategemea wingi wa raundi hatakwambia usiku umekuwa mkubwa, nenda ukalale. Simu ndiyo iliyozidisha. Mezani unangoja karata zichanganywe, zigawiwe, mtu aende msalani, mwingine apokee simu ya mkewe. Kwenye simu unaweza kufungua meza nne kwa wakati mmoja saa nane ya usiku.

Mama Katuba, neno lako ni zito na sitalipaka sukari. Meza ya watu wawili kwenye kiti cha plastiki, yenye fedha ya likelemba juu yake, siiiti ya kijamii, hata kama hakuna aliyekata senti. Kwetu tulijiwekea utaratibu ambao nauandika hapa ili wenye kutaka wauchukue. Kila mtu hununua jetoni mara moja tu kwa jioni, kwa kiasi kilekile kwa wote, na akimaliza hanunui tena. Hutoka mezani, akaenda kuchoma nyama au kugawa karata. Hakuna kukopeshana, hata kwa dakika tano. Fedha yote huwekwa kwenye bakuli la enameli mbele ya watu kabla ya karata ya kwanza kugawiwa, na huhesabiwa kwa sauti. Soda na mkaa hulipiwa kwa mchango wa kila mtu mlangoni, ili asiwepo anayenufaika raundi zikiwa nyingi. Kumfunga mikono mwenye nyumba kwa njia hiyo ni rahisi kuliko wengi wanavyodhani: mlipeni kwa saa au kwa jioni, msimlipe kwa kitita. Hata mashindano makubwa, Mdogo wangu, yanaweza kuendeshwa hivyo. Kiingilio kinachosema wazi kiasi hiki ni cha zawadi na kiasi hiki ni cha ukumbi hakimfichi mtu kitu, na ndivyo yanavyofanya mashindano mengi yenye heshima.

Zaidi ya hapo kuna njia ambayo haitumii fedha kabisa. Shirikisho la kimataifa la mchezo huu, lililoanzishwa Lausanne mwaka 2009, linaendesha kile kinachoitwa Match Poker. Meza zote hupata karata zilezile katika viti vilevile. Timu huweka mchezaji mmoja katika kila meza, kila mmoja kwenye kiti chenye nambari tofauti, na baada ya kila raundi jetoni hurudishwa sawa. Kisha aliyekaa kiti nambari 3 hapa hulinganishwa na waliokaa kiti nambari 3 kwingine kote. Ukipata jozi ya ree, wenzako wa kiti hicho wameipata pia, kwa hiyo ree hazikusaidii kitu. Kinachohesabiwa ni ulizifanyia nini. India imewahi kuijenga michuano ya aina hiyo, na naona ndiyo njia ya kumjibu Mwalimu na miaka yake 23.

Mwalimu_wa_Hesabu

Inapunguza sana, ingawa haimalizi. Bahati ya kugawiwa inaondoka, lakini bado unaweza kuketi na mpinzani mwenye haraka ambaye kwenye meza nyingine, kiti hicho hicho, ameketi mtu mwenye subira. Hata hivyo ningekubali kucheza raundi 100 za namna hiyo na kuyaheshimu matokeo.

Mcheza_Scrabble

Jamani, hii ndiyo duplicate! Sisi wa klabu za Scrabble ya Kifaransa ndivyo tunavyoshindana siku zote: wote ukumbini tunapata herufi zilezile, na kila mmoja anatafuta neno lake. Hakuna anayeweza kusema jirani yake alipata herufi nzuri. Nashangaa kwamba watu wa karata wanaliona jambo hili kama jipya.

Kwa vitendo linawezekana hapa mjini bila mashine yoyote. Tukiwa na meza tatu za watu sita, kila raundi inatumia karata 12 za siri, tano za katikati, na tatu zinazotupwa, moja kabla ya kila ufunuo, jumla 20. Zilizobaki katika fungu hazina kazi, kwa hiyo anayeandaa anapanga karata 20 za juu kwa mfuatano mmoja katika mafungu matatu, anaandika mfuatano huo kwenye karatasi, anayafunga kwa raba na kuyapa nambari ya raundi. Kwa raundi 20 ni mafungu 60. Tusipokuwa na mafungu 60, tuwe na sita, matatu yakichezwa na matatu yakipangwa. Tatizo ni kwamba mpangaji ameshaziona karata zote, kwa hiyo hawezi kucheza, na kila niliyemwendea leo anataka kucheza.

Mama_Katuba

Nitapanga mimi. Lakini isiwepo hata faranga moja mezani, wala kwenye bakuli la enameli, na muwe mmemaliza kabla ya saa mbili usiku, maana baada ya hapo usafiri wa kurudi Katuba unakuwa wa kubahatisha.

Mcheza_Scrabble

Imekubaliwa, Mama. Jumamosi ijayo nakuletea mafungu sita na raba.